Kosa Lako la Siku Niliyoondoka

Mpendwa Baba,

Najua ungenicheka. Mimi niliyekuwa nakwepa kushika randa karakanani kwako Morogoro, leo nalipwa hapa London kusoma habari za mbao. Mwezi uliopita yaliletwa kazini kwetu, kwenye hifadhi ya nyaraka Stratford, maboksi ya Mmarekani mmoja aliyeunda meli karne ya kumi na tisa: barua, oda za mbao, michoro, vitabu vya vipimo. Kazi yangu ni kufuta vumbi na kuandika kila karatasi inahusu nini.

Siku ya tatu nikakuta ameandika kwamba ubao fulani kaukata mfupi, na kosa ni lake mwenyewe. Nilishindwa kuendelea. Wewe nawe ulikuwa hivyo. Kila jioni uliandika daftarini vipimo vya siku, na chini yake makosa yako, bila kumsingizia fundi yeyote. Nikikuuliza kwa nini unajiumbua, unasema, "Nikificha, kesho nitalirudia."

Na mimi, Baba, baada ya arobaini yako nilimwambia mdogo wangu Juma ayachome madaftari yote apate nafasi karakanani. "Makaratasi ya nini hayo?" Ndiyo maneno yangu. Baada ya wiki akasema ameshayachoma. Sasa naona watu wanapanda ndege kuja kusoma makosa ya yule Mmarekani, wanafunua kurasa taratibu kama wanamvua viatu mtoto aliyelala. Yako niliyatia moto. Nililia chooni kazini, sikufichi.

Jumamosi nikampigia Juma kumwomba msamaha. Akacheka.

"Dada, nilikudanganya. Ulikuwa umefura kwa hasira, ningekubishia vipi? Yapo yote, ndiyo ninayofanyia kazi."

Tumekubaliana. Yeye atapiga picha kila ukurasa, mimi nitayapanga kama ninavyoyapanga ya Mmarekani, hata ikichukua miaka.

Nilimwomba aanze na siku niliyoondoka. Maana pale uwanja wa ndege hukuniambia chochote zaidi ya nivae sweta, na nilikununia kwa hilo mpaka ulipofariki.

Picha ikaingia niko kwenye treni. Mwandiko wako, wino wa bluu. "Mlango wa shule, umekatwa mfupi inchi mbili, kosa langu." Halafu kitu ambacho hukuwahi kuandika popote, sababu: "Rehema kaondoka leo."

Pole kwa mlango, Baba. Nimechelewa kuisoma sababu yako, lakini imenifikia.

Bintiyo,
Rehema