Mlango niliubeba mimi

Soma haraka, maana nikinyamaza nitapasuka. Nimetoka sasa hivi kwenye hafla ya kumkumbuka mshairi wetu.

Kaka wa mjane kanyakua maikrofoni, kasimulia siku ile ya mlango! Eti enzi za mshairi za useremala wanaupeleka kwa mteja, mshairi anausimamisha msafara, anaulaza mlango barabarani, anaandika ubeti juu yake kwa penseli ya useremala. "Upande wa pili nilishika mimi," anasema. Yeye! Hakuwepo hata kwa dawa!

Zamu yangu nikaanza, "Siku moja tulibeba mlango..." Binti wa marehemu akanigusa bega. "Baba mdogo, hiyo tumeshaisikia. Tupe nyingine." Ukumbi mzima kicheko. Nyingine niitoe wapi? Tumeshaisikia!

Halafu mjane akamuuliza kaka yake ubeti wenyewe ulisemaje, maana mteja aliupaka rangi siku ileile na kwenye kitabu cha marehemu haumo. Jamaa akakuna kichwa. "Nimesahau, dada."

Ninao wote mimi, mstari kwa mstari! Kwa hasira nikachukua kofia nikatoka nao.

Sasa niko getini. Mjane namsikia bado anauliza, meza hadi meza, kama kuna anayeukumbuka.

Nirudi?

Usijibu. Nimeshageuka.