Nilimlisha Mwandika Faini, Gari la Mume Wangu Likachukuliwa

Mpendwa Mama Mirembe,

Ukurasa wako tunausomeana saluni hapa Gudele na huwa nacheka matatizo ya wenzangu, leo zamu ni yangu, naomba unishike mkono kabla ya Jumatano ijayo kwa sababu siku hiyo mume wangu ataenda kuapa jambo la uongo mbele za watu, naye hajui kwamba ni la uongo, anayejua ni mimi.

Nilikulia Arua wakati wa vita, nikarudi nyumbani nikaolewa na Duku, mtunza stoo katika ofisi ya shirika moja, mtu mpole, msomaji wa masomo kanisani, ambaye alijinyima miaka saba mpaka akanunua Noah ya kijivu, na gari hilo analipenda mpaka mimi kwa utani naliita Bibi Mdogo, maana Jumapili tukitoka misa huliosha na kulisemesha kabla hajaniuliza mimi kama nimekula. Yeye huenda kazini na basi la ofisi, gari ananiachia nipelekee chakula wafanyakazi wa mtaa wa Hai Amarat, asida, ule ugali wetu, maharage na samaki, na alinipa sharti moja tu, kwamba niegeshe uwanja wa kanisa kisha nitembee, nisiegeshe barabara ya hoteli, nami nikaona sufuria ni za moto na mwendo ni mrefu, nikaegesha barabara ya hoteli.

Siku ya kwanza tu akaja mama mmoja mwenye kizibao cha kung'aa, akaandika karatasi ya faini akaibana chini ya waipa. Anaitwa Nyakuoth, ni wa rika langu, anakaa Mangateen, alikulia kambini Kakuma, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Kenya na changu ni cha Uganda lakini tulielewana haraka, nikaona jua limempiga nikampa sahani, akala, akanawa mikono, akasema, "Khalas, dada, nimeshiba." Mama Mirembe, wewe unajua kwetu mtu akija na neno ukamlisha, naye akakubali kula, lile neno limekwisha, hata ugomvi wa ng'ombe huishia kwenye sahani, basi nikachukulia faini imekwisha, na kila alipoandika nyingine nikampa sahani nyingine, tukakaa kwenye kivuli cha gari tukazungumza habari za watoto, na karatasi nikaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga jikoni, sasa zimefika tisa.

Ijumaa iliyopita kampuni ya maegesho iliyomwajiri Nyakuoth ikaleta gari la kuvuta, Noah ikaondoka na sufuria zangu ndani, nikamkimbilia Nyakuoth nikamwambia, "Lakini wewe ulikula chakula yangu." Akanitazama, akasema, "Dada, ulinipea chakula nikadhani unanipenda. Mimi sikusema nafuta. Namba zote ziko kwa kitabu."

Jumamosi ndugu zake Duku wakaja nyumbani kumpa pole kama aliyefiwa, yeye anasema, "Mimi hapana ona karatasi hata moja, hii ni wizi," na shemeji yangu Jubek, ambaye ana jicho kali, akamuuliza, "Pengine mke wako alipata hiyo karatasi?" Duku akakasirika, mtu ambaye hakasiriki, akasema, "Jubek, wacha. Natalina akipata karatasi analeta, hata ya duka la chumvi." Mimi nilikuwa mlangoni na birika ya chai mkononi na kopo liko nyuma yangu rafuni.

Jumatatu wakapeleka malalamiko kwenye baraza la mji kwamba gari lilichukuliwa bila onyo lolote kuwekwa kwenye kioo, wakapangiwa kikao Jumatano ijayo, Duku ataapa. Jana Nyakuoth akaja kwangu kwa miguu kutoka Mangateen mpaka hapa Gudele, hakupiga kelele, alisema tu, "Wameniambia nisiende job mpaka kikao. Wakiamini bwanako, mimi nafutwa, kwa sababu itakuwa niliandika kitabu bila kuweka karatasi. Wewe ndio unajua niliziweka." Akakataa hata maji. Nampenda mume wangu, Mama Mirembe, naogopa kumwona akijua alinitetea bure, na naogopa gari lisirudi, ndilo lililompeleka jirani yetu kujifungua na ndilo linalobeba jeneza la kila mtu wa ukoo. Nifanye nini?

Mke mwenye kopo, Gudele

*

Binti yangu, mke mwenye kopo,

Nianze na unachotaka kusikia. Hujaua mtu, na mume kama huyo kuna wanawake wanaomfungia siku arobaini wasimpate. Haya, umefarijika. Sasa kaa chini nikugombeze.

Kwetu chakula humaliza ugomvi, hilo ni kweli na Mungu azidi kulilinda. Lakini humaliza ugomvi wa mtu na mtu, na Nyakuoth hakuwa na ugomvi na wewe. Faini si yake. Hawezi kukusamehe kisicho chake, kama mimi nisivyoweza kukusamehe kodi ya nyumba ya jirani. Yeye alikula kwa sababu alikuwa na njaa na wewe ni mkarimu, akarudi kuandika kwa sababu ndiyo kazi inayolisha wanawe. Hakukudanganya mahali popote.

Wewe je? Unasema ulichukulia faini imekwisha. Kama ungeamini hivyo ungeziwashia jiko. Mtu haweki kwenye kopo karatasi iliyokwisha kazi, tena tisa. Moyo wako ulijua, binti yangu, ila sufuria zilikuwa nzito na barabara ya hoteli ilikuwa karibu. Na ile sahani ya tano, ya sita, ulikuwa unamlisha rafiki au unailisha faini? Usinijibu mimi. Nadhani ulimpenda kweli, ndiyo maana maneno yake yamekuchoma hivyo.

Duku naye hasira yake ina msingi, na wenye yadi yanakolazwa magari yaliyovutwa wakipitia ukurasa huu wasome taratibu. Nimeuliza. Barabara ya hoteli haina kibao hata kimoja cha kukataza kuegesha. Ambaye gari lake limepelekwa yadi Ijumaa jioni hukuta ofisi ya malipo imefungwa Jumamosi na Jumapili, na siku hizo mbili anatozwa pesa za kulaza gari, wakati hata akija na pesa mkononi hakuna wa kuzipokea. Hiyo ni kumfunga mtu miguu kisha kumdai nauli. Na gari la mtu mmoja wa Gudele ni ambulensi na gari la maiti la watu arobaini, kulinyakua kwa karatasi za maegesho bila kwanza kumtafuta mwenye jina kwenye kadi ya gari ni haraka isiyo na heshima. Kuna simu. Kuna wazee wa mtaa. Mwenye gari angepigiwa simu moja angelipa karatasi ya kwanza na hizo nane zisingezaliwa.

Lakini haki hiyo yote itamwagika mchangani Duku akiingia pale na neno moja la uongo. Atasema hakuna karatasi, Nyakuoth atasema ziliwekwa, na katika vyumba vile mwenye kizibao ndiye hutolewa kafara haraka. Mama mmoja wa Mangateen atapoteza kazi ili Bibi Mdogo arudi nyumbani. Unaweza kupanda gari hilo kwenda misa? Tena njia ya mwongo ni fupi. Kesho mtu wa hotelini aliyewaona mkila pamoja kwenye kivuli atasema, na Jubek atacheka mpaka akae.

Unasema unaogopa kumwona mumeo akijua alikutetea bure. Mficha uchi hazai. Jumamosi alisema asilolijua, na kwa hilo hana kosa. Jumatano akisema tena, Biblia mkononi, huku wewe umekaa nyuma unamtazama, kosa litakuwa lako na jina litakalochafuka ni lake. Miaka saba alijinyima apate gari. Jina alianza kulitafuta kabla ya hapo, nalo haliuzwi kwenye yadi yoyote.

Majina nimeyabadilisha, hata la gari, lakini Gudele ina masikio na saluni yako ina wasomaji, kwa hiyo ukurasa huu usikutangulie nyumbani. Leo ni Jumamosi. Mwite Duku chumbani, si mbele ya Jubek, si mbele ya watoto, na kabla hujafungua kinywa weka karatasi zote tisa kitandani. Usilie kwanza. Ukilia kwanza ataanza kukubembeleza, na hutasema tena, nawajua wanaume wa namna hiyo.

Jumatatu asubuhi mwende wote wawili mkabadilishe malalamiko. Andikeni kwamba karatasi ziliwekwa, mke alizipokea akazificha, na Nyakuoth alifanya kazi yake sawasawa. Jina lake liandikwe, kwa herufi zinazosomeka. Ombeni mlipe zile tisa kidogo kidogo kwa pesa ya asida yako, si ya mshahara wake. Halafu pigeni kelele kuhusu kibao, kuhusu simu, na kuhusu zile siku mbili za ofisi iliyofungwa, nami nitakuwa nyuma yenu kwa kalamu yangu. Aliyekiri lake husikilizwa anapodai la wenzake. Mkitoka hapo wewe pita Mangateen, kwa miguu kama alivyokuja yeye, na uende mikono mitupu. Safari hii usimpelekee sahani, mpelekee neno.

Na Duku akikuuliza kwa nini hukumwambia, usitaje uzito wa sufuria, usimtaje Nyakuoth, wala usinitaje mimi. Mwambie, "Nilikosea, mume wangu, na niliogopa." Kisha nyamaza umwache akasirike mpaka amalize. Alikusemea mbele ya ndugu zake bila kukuuliza swali hata moja. Sasa akuulize yote, na umjibu kila moja.

Mama Mirembe