Jibu la Doto

Mirongo, Mwanza
Agosti 1995

Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Sangara wote siku hizi wanaishia viwandani, sisi tunagombania mapanki, vichwa na mifupa tu. Ndiyo maana niliomba kazi ya ukarani kwenye kiwanda kipya cha samaki, wakanipa mtihani wa Kiingereza: toa maoni mafupi, je, kijana aondoke ziwani akaishi mjini?

Niliandika kwamba aondoke. Ziwa limemchukua pacha wangu Doto na hata maiti hatujaipata. Maoni mengine ningeyatoa wapi?

Jana msahihishaji, Mwalimu Luhaga, aliniita. "Kulwa, hii 'we' uliyojaza humu ni wewe na nani? Na 'rake' ni reki ya bustani, binti. Ziwa ni 'lake'."

Shangazi, unajua mimi sichanganyi r na l. Aliyekuwa akichanganya ni Doto, hata kulala aliandika kurara, ukamcheka. Nikaisoma ile karatasi. Mwandiko ni wangu. Jibu linasema: sisi hatutaki kuondoka ziwani, njooni, huku kuna nafasi.

Kazi nimepata, wamesema makosa ni madogo. Lakini dirisha la karani linatazama maji. Siitaki. Jumamosi nakuja kwako Tabora, mbali na ziwa. Mama usimwambie.

Nitandikie kile kitanda kipana cha utotoni. Tutarara wote.

Wanao,
Kulwa