Sitaiombea Radhi Soda Niliyokumiminia

Kyalo, ndugu yangu wa kikosi,

Jumapili nitasimama mbele ya kanisa letu hapa Tawa, nami sitasema wanalotaka niseme. Ninakuandikia wewe kwanza, kwa kuwa jambo hili lilianzia kwako, katika baa ya askari wastaafu kule Uingereza, tulikopelekwa kwa mafunzo nikiwa sajini wako.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na mvua ilikuwa imetufukuza barabarani. Wazee wale walitupokea vizuri, wakatupa meza karibu na moto. Mimi niliagiza soda, wewe bia. Kabla ya kuionja, uliimimina kidogo chini, kama babu yako alivyowamiminia waliotangulia. Lakini pale chini hapakuwa na udongo wa kwenu Ikutha. Palikuwa na zulia jekundu.

"Umemwaga, kijana," akasema mzee aliyeketi nasi, mwenye koti lililojaa nishani.

"Sijamwaga, mzee. Nimewapa wa nyumbani."

Meza ya pili ikaangua kicheko. Mwenye baa akaja na tambara. Nami, mlokole niliyeona aibu hata ya kuonekana mle ndani, nikakuamuru kwa Kikamba usimame uombe radhi. Ulinitazama kwanza. Kisha ukasimama wima, ukawaomba radhi watu waliokuwa wakikucheka.

Yule mzee hakuwa amecheka. Alikuuliza wa nyumbani ni nani.

"Babu yangu. Alivaa sare yenu vitani, akarudi Ikutha na sikio moja."

Mzee akainua gilasi yake, akaimimina nusu palepale.

"Hata wewe!" mwenye baa akalalamika.

"Nyamaza, ulete nyingine."

Ukaninong'oneza, "Afande, sasa hata zulia limekunywa kuliko wewe."

Ningeweza kuifuta amri yangu wakati ule. Sikuifuta. Wala sikuifuta baada ya kustaafu, tulipokuwa tukikutana mjini Wote siku za soko kunywa chai, nawe ukinisalimu mbele ya watu, "Afande wa Mazulia!" Nilicheka pamoja nao. Kucheka si kuomba radhi, Kyalo, na nilijua hivyo.

Mwezi uliopita tulikuzika. Kila mtu alipokwisha kutupa udongo wake, nilitoa chupa ya soda niliyoibeba kutoka Tawa, nikaifungua kwa meno niliyobaki nayo. Nilikumiminia wewe kwanza, kisha nikanywa iliyobaki. Sikujificha. Mchungaji alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Kamati ya kanisa ikaniita.

"Mzee, lile lilikuwa tambiko."

"Ilikuwa soda."

"Ulimmiminia nani?"

"Kyalo. Mlikuwapo tulipomzika."

Hawakucheka. Wanataka nitubu mbele ya washirika wote, au niache uzee wa kanisa. Kanisa lile nililibebea mawe ya msingi kwa bega hili. Ninampenda Mungu anayeabudiwa mle, na siamini kwamba Yeye aliuonea wivu mkono wangu siku ile.

Mkeo Mwende amesikia, akanipigia simu. "Shemeji, omba radhi tu yaishe. Si ni neno moja?"

Nilimjibu kwamba neno hilo nimekwisha kulitumia vibaya, tena kwa kinywa cha mumewe. Akasema, "Basi vaa koti zuri."

Nitalivaa, na nishani zangu juu yake. Ufunguo wa kanisa, niliokabidhiwa nilipofanywa mzee wa kanisa, nimeufunga katika leso. Nitauweka mezani kabla hawajauomba. Kisha nitakwenda kuketi benchi la nyuma kabisa, na wimbo utakapoanza nitaimba kwa sauti. Anayetaka kunitoa pale aje anibebe.

Radhi ninayo moja, na haiendi kwa kamati. Hukukosa siku ile. Mimi ndimi niliyekosa, nikakufanya uinamishe kichwa kwa ajili ya babu yako. Amri ile nimeifuta. Nisamehe.

Ni mimi,
Afande wako wa Mazulia