Mwanangu Katoka Jela

Carrollton. Alhamisi, katikati ya Oktoba 2018.

Mvua tangu alfajiri, na wala sijali. Barabara zote za Dallas zimejaa maji, watu wanaendesha ovyo utadhani leseni wamepewa jana, na mimi nimerudi nyumbani nikiimba peke yangu ndani ya gari. Nimejaribu kuketi nimeshindwa. Chai nimepika mara mbili na zote zimepoa. Wacha niandike kabla sijapasuka.

Nimepata doria!

Kuanzia Jumatatu mimi ni naibu wa sherifu, askari wa kaunti, wa barabarani. Mwanzo nitakaa na mwalimu pembeni, kisha nitakuwa na gari langu, redio yangu na eneo langu. Basi tena kufungua na kufunga milango ya jela.

Kwa asiyejua, kwenye kaunti yetu ukihitimu chuo cha mafunzo hupewi gari. Unapelekwa jela kwanza ukachunge mahabusu, mpaka nafasi ya doria ipatikane. Wenzangu wengi hawalipendi jambo hili hata kidogo. Umefundishwa kulenga shabaha, umefundishwa kufukuza magari, halafu unakwenda kugawa sabuni na karatasi za chooni. Wako walioacha kazi kwa hasira. Mwaka huu wakubwa wakaanza kujiuliza kama wawatume wapya barabarani moja kwa moja, jela iwe na watu wake.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kwenda mbio, maana nafasi ilitokea moja na tulioiomba tulikuwa wawili. Mimi na jela yangu, na kijana mmoja aliyehitimu juzi, mlengaji hodari, mwenye adabu zake, ambaye jela aliiona siku waliyotembezwa tu. Wakimchukua yeye wameshajibu swali lao, na mimi nabaki na sabuni zangu.

Niliitaka nafasi hii vibaya sana. Kwa ajili yangu, ndiyo, lakini zaidi kwa ajili ya mamangu.

Mama alikuja kutoka Mombasa kukaa nami. Wiki yangu ya kwanza kazini, kina mama wa msikitini kule Richardson walimuuliza mbona binti haonekani. Naye kwa moyo wake mweupe akajibu, "Mwanangu yuko jela." Jioni nikirudi nakuta viatu vimejaa mlangoni. Sebuleni wamekaa na buibui zao, nyuso za kilioni, sufuria nzima ya pilau iko mezani, na mmoja ameshaanza kuuliza dhamana itakuwa kiasi gani. Nikaingia na yunifomu. Wakanitazama juu hadi chini, kisha mtu akaangua kicheko, na tukacheka mpaka machozi.

Mama peke yake hakucheka. Tangu siku ile akiulizwa husema niko serikalini, na akisema hivyo hunikwepa macho.

Basi leo asubuhi, usaili. Mezani walikuwa watatu: kapteni mwenye masharubu meupe, sajini wangu wa jela, na mwanamke mmoja wa ofisi ya ajira. Wakaniuliza ya sheria, nikajibu. Kisha kapteni akajiegemeza kitini akaniuliza jela imenifundisha nini ambacho chuo hakikunifundisha.

Jibu nilikuwa nimelikariri, zuri kweli. Likayeyuka lote. Nikajikuta nawaeleza habari za salamu.

Sisi kwetu humwambii mtu jambo kabla hujamsalimia, na salamu yenyewe si neno moja. Sabalkheri, umeamkaje, umelalaje, watu wako hawajambo. Nilipoanza zamu za jela nilikuwa napita kila mlango nasalimia hivyohivyo kwa Kiingereza, na wale mahabusu wanawake wakinicheka. Mmoja aliniuliza kama nauza bima. Lakini haikuchukua muda, nikichelewa, wao ndio wananiuliza mimi: umelalaje, mama hajambo?

Halafu nikawasimulia ya yule mama wa mbwa. Huyu alikuwa mtu mzima, ameletwa jana yake, na asubuhi akakataa katakata kutoka chumbani kwenda mahakamani. Anapiga mlango mateke, anatukana. Wenzangu wakaanza kuvaa glavu wamtoe kwa nguvu. Ndani ya jela hatuingii na bunduki, zinabaki nje, kwa hiyo ulicho nacho ni mikono na mdomo. Nikamwomba sajini aniachie kidogo. Nikasimama mlangoni nikaanza salamu zangu, taratibu, ananitukana nasalimia. Nilipofika kwenye watu wake hawajambo, akanyamaza. Akaniambia watu hana, ana mbwa, amemwacha amefungwa uani bila maji, na tangu akamatwe hakuna aliyemsikiliza. Mimi na mbwa ni wapi na wapi, jamani! Lakini siku ile nilishughulikia mbwa. Sajini akapiga simu, jirani akapatikana, na yule mama akatoka kwa miguu yake mwenyewe hakuguswa na mtu.

Nikawaambia, hilo sikulisoma chuoni. Na barabarani, pale mlangoni kwa mtu usiyemjua, bunduki iko kiunoni, nani atakumbuka kusalimia kama hajazoea kuishi bila hiyo bunduki?

Sajini akatabasamu kidogo. Laiti wangeniachia hapo.

Kapteni akaniuliza tena: ingekuwa juu yangu, kila mpya aanzie jela? Jibu la kunifaa lilikuwa ndiyo, nukta, nishukuru niende zangu. Lakini nilimkumbuka mwenzangu mmoja ambaye amekaa humo miaka na miaka, mtu mwema kabisa, siku hizi humsalimii akaitika. Nikajikumbuka na mimi, nikiwa dukani nawatazama watu mikono badala ya nyuso. Harusini nimekaa nimeukabili mlango.

"Ndiyo," nikasema. "Lakini msituache humo mpaka tuwaone watu wote ni mahabusu."

Sajini akainamia karatasi zake. Yule mwanamke wa ajira akashukuru, nikatoka. Ndani ya lifti nikajiambia, umeyamaliza mwenyewe, na mdomo wako huo.

Sajini amenipigia mchana nikiwa natia petroli. Amesema walibishana. Kapteni ndiye aliyekata shauri: shabaha mtu hufundishwa, kijana aende jela akajifunze kusalimia, na mimi nitoke kabla sijaharibika. Nimepiga ukelele pale kituoni mpaka bwana mmoja wa pampu ya pili kauliza kama niko salama. Yule kijana ndiye anayekuja kuichukua milango yangu. Kesho, kabla sijakabidhi, nitamtembeza mlango hadi mlango nimjulishe kwa kila mmoja, ili asije akaanza na amri.

Mama nimemkuta jikoni anakaanga bajia. Nimemwambia. Amezima jiko, amefuta mikono, amechukua simu yake. Nikamsikia anarekodi sauti kwenye kundi la kina mama, pole pole, kila neno peke yake:

"Jamani, alhamdulillahi. Mwanangu katoka jela."

Nikadhani ulimi umemteleza tena. Nikageuka nimrekebishe, nikamkuta ananitazama. Machoni kabisa, hakunikwepa. Kisha akaanza kucheka, kicheko nilichokuwa namdai tangu siku ile ya pilau, akacheka mpaka akashika meza. Simu yake haijanyamaza tangu hapo. Kuna mmoja mgeni kwenye kundi ameuliza, kwa adabu sana, nilifungwa kwa kosa gani. Mama amekataa katakata kumjibu. Ati wacha afikirie.

Mvua bado. Yunifomu ya Jumatatu nimeshaipiga pasi, na leo ni Alhamisi.

Namfikiria huyo mtu wa kwanza nitakayemsimamisha barabarani. Saa hizi yuko kwake, hajui kama tutakutana. Atakuwa na haraka, pengine na hofu, mikono juu ya usukani. Nitasogea dirishani kwake nimtazame uso, nimuulize ameamkaje, na watu wake hawajambo.

Leseni nitaiomba baadaye.