Stika ya Kijani

Hagthorpe,
Jumapili jioni

Kaka mpendwa Russell,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dunedin, wewe na wifi Joan, na kwamba watoto bado wanamkumbuka shangazi yao. Sisi hatujambo. Mvua imeanza mapema na goti langu limeanza nayo. Baba anakula vizuri, anamaliza birika zima la chai peke yake na kugombana na gazeti kila asubuhi. Barua yako ya Agosti niliipata. Umeniuliza kwa nini kila ukipiga simu Baba anasema "ndiyo, ndiyo, vizuri" kisha ananikabidhi mkonga, na kama bado ana kinyongo na wewe kwa kutokuja kumzika Mama. Nitakujibu. Ila nivumilie kwanza nikueleze balaa lililotupata uwanjani, maana mambo haya mawili yamefungwa kamba moja, nami mwenyewe nimelijua hilo juzi tu.

Siku za pikipiki unazikumbuka. Mtu analipa kiingilio, anakuja na pikipiki yake, anazunguka uwanja wa mbio mpaka moyo wake utulie. Siku hizi lakini hazunguki hata robo kabla hajapitia kwangu. Kazi ya kupima sauti aliyoifanya Baba miaka ishirini na sita niliirithi mimi, na huu ni msimu wangu wa tatu. Naweka kipima nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, mwenye pikipiki anapandisha injini mpaka nitakapomwambia basi, na ikizidi desibeli mia na tano anarudi kwao. Ikiwa sawa, nabandika stika ya kijani pale mbele, karibu na taa. Bila stika hiyo hakuna anayefunguliwa geti.

Mwaka huu halmashauri imeongeza kipima chake yenyewe. Wamekifunga kwenye ua wa miti wa Bibi Scrimshaw, yule mfuga farasi wa nyuma ya kona ya mwisho, aliyekuwa akitulalamikia tangu wewe na mimi tuko shule. Hicho hakina undugu wala urafiki. Tukivuka kiwango chao mara tatu katika msimu mmoja, siku za pikipiki zimekwisha, na bila siku hizo uwanja utauzwa wajenge maghala. Mwezi Mei tulivuka mara ya kwanza, Juni mara ya pili. Na siku zote mbili, kila pikipiki iliyoingia ilikuwa na stika yangu.

Niambie, kaka, wewe usingeshuku?

Nilianza na Bibi Scrimshaw. Nilijiambia mama yule hashindwi kupiga ndoo karibu na kipima ili atukomoe. Siku moja nikajikunja nyuma ya ua wake saa nzima, na miiba ikanila mikono, nikamkuta anamsugua farasi mgongo huku ametia pamba masikioni, hana habari na dunia. Aliponiona aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nimepoteza paka. Akanisaidia kumtafuta, maskini, na tangu hapo kila tukionana ananiuliza kama paka amerudi.

Nikahamia kwa kipima changu, nikakipeleka kukaguliwa, kikarudi na cheti kwamba hakina tatizo. Dennis, meneja wetu, akasema kwa upole wake ule unaoudhi kwamba kama kipima ni kizima basi tuanze kumwangalia mpimaji. Maneno hayo yaliniingia. Kuanzia siku ile sikumwamini mtu. Wewe unawajua wenzetu hawa kwa hila: yuko aliyejaza ekzosi waya wa kusugulia masufuria ili apite kwangu, ekzosi ikautema barabarani kwenye kona ya kwanza. Yuko anayepita mbele ya ua wa Bibi Scrimshaw polepole kama anakwenda kanisani, kisha anafungua moto akishakata kona. Nikawa napima mara mbili, mara tatu, nachungulia ndani ya ekzosi kwa tochi. Wakaanza kuniita daktari wa meno.

Aliyenikaa rohoni zaidi ni Trevor Blades, fundi bomba wa Louth. Alikuwa na ekzosi mpya na kicheko kingi, na mtu anayecheka wakati wa kupimwa mimi simwelewi. Mei alikuwepo, Juni alikuwepo. Nilimpima mara nne, kila mara akanitolea mia na nne kamili, nami nikaona kwamba hapana, mia na nne kamili mara nne ni ya mtu aliyejiandaa. Nikamwambia Dennis ni yeye. Tukamfungia msimu mzima, mbele ya watu, na jina lake likabandikwa kwenye mlango wa mgahawa.

Trevor hakupiga kelele. Aliifunga pikipiki yake kwenye gari taratibu, akaniambia, "Sawa, Hilary. Lakini ukiamua kupima, dada, pima wote." Mmoja wa rafiki zake akadakia kwamba nyani haoni kundule, wakacheka. Mimi nikadhani wanamsema Dennis. Kesho yake nilipima mpaka mashine ya Dennis ya kukatia majani. Ilikuwa sawa nayo.

Agosti Trevor alikuwa kwao, na kipima cha ua kikasoma nusu desibeli tu chini ya kiwango. Nusu, Russell. Upepo ungegeuka kidogo tungekuwa tumefungiwa. Hapo ndipo nilipopata baridi, kwa maana nilijua nimemtoa mtu asiye na hatia, na mwenye hatia bado anakunywa chai nasi.

Basi Jumatano iliyopita nilimaliza kupima asubuhi, nikachukua kigoda na kipima changu cha mkononi, nikaenda kukaa chini ya kile cha halmashauri. Bibi Scrimshaw aliniletea biskuti. Pikipiki zikawa zinapita, naandika namba, zote za kawaida. Kisha nikasikia moja inakuja kutoka mbali, kabla haijatokea. Sikuhitaji kuandika. Mlio ule ndio Mama aliokuwa akiusikia kutoka barabara kuu akaweka birika jikoni, na sisi tukakimbia kufungua geti.

Ilipita mbele yangu injini inalia gia imechelewa, inalia kwa namna ambayo wewe ungepigwa kofi kwayo. Ile nyekundu. Baba.

Sasa nakuungamia jambo ambalo sijamwambia mtu, na ukitaka kunicheka unicheke. Sikuwahi kumpima Baba. Si mwaka huu, si mwaka jana, hata siku moja tangu nishike kazi. Kila asubuhi yeye ndiye anayeniletea kikombe cha kwanza cha chai pale kwenye meza ya vipimo, napokea kikombe kwa mkono huu, kwa mkono huu nabandika stika, tunaongea habari ya mvua. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kipima. Kumpima ningeona kama ninamwambia kasisi asome sala nimsikie. Wapanda pikipiki wote walikuwa wanaona, wakanyamaza kwa kumheshimu. Nimechungulia ekzosi za watu sabini kwa tochi, na kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimsubiri aingie. Mbele ya wote nikamwambia azime, kisha awashe tena, nikaweka kipima. Alinitazama usoni muda wote, hakutazama mahali pengine. Nilidhani ananikasirikia. Kipima kikasoma mia na kumi na moja. Nikamwambia, akaendelea kunitazama. Nikarudia. Akaniuliza, "Inasema ngapi, mwanangu? Nioneshe." Nikamgeuzia kioo asome.

Akasoma, akashuka. Akaniuliza nasubiri nini, hivi ndivyo alivyonifundisha? Akaibandua stika mwenyewe kwa kucha, akaikunja, akaniwekea kiganjani.

Nyumbani ndipo alipozungumza. Tangu majira ya baridi ya mwaka jana masikio yamekwisha, Russell. Miaka ishirini na sita karibu na ekzosi za watu, na pamba alikuwa akiwatia watoto wake tu, yeye hakutia. Anatusoma midomo. Na wewe unajua kwamba hajawahi kutazama saa ya injini, anabadili gia kwa sikio. Alipoona haisikii tena injini yake, alichomoa kile kizibo cha ndani ya ekzosi kinachopunguza sauti, ili mlio umfikie. Mwanzoni ulimfikia. Sasa anasema anausikia kifuani tu, na hata huko unafifia. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema ukimwambia daktari atakwambia uache, na yeye baada ya Mama hakubakiwa na kingine cha kusikiliza. Nililia, sikujificha.

Alhamisi kuna kikao. Nitasimama niseme yote, stika zangu na ekzosi yake, na ikibidi niache kazi nitaiacha. Kwa Trevor nilikwenda jana. Mkewe aliniacha mlangoni muda mrefu, na nilistahili. Trevor alipotoka aliniambia alijua tangu Mei. Nilipomuuliza kwa nini basi alikubali kufungiwa, akasema Baba ndiye aliyempima siku yake ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, akamkopesha glavu.

Na sasa swali lako. Baba hana kinyongo na wewe. Simu haina midomo ya kusoma, ndiyo sababu anasema "ndiyo, ndiyo, vizuri" na kunipa mkonga. Kila tukimaliza kuongea na wewe, akiwa bado amesimama pale karibu na kabati, ananiuliza, "Kasemaje Russell?" Mwaka mzima nilidhani anakukejeli, nami kwa hasira nikamjibu, "Si umemsikia mwenyewe." Alikuwa anauliza kweli.

Uliniandikia kwamba ulimwomba radhi kwa ajili ya mazishi, katika simu ya Krismasi, na kwamba alikujibu "vizuri" akaenda zake. Hakuisikia, kaka. Mwandikie. Andika yale yale uliyoyasema, kwa kalamu, na bahasha iwe na jina lake, isiwe na langu.

Wifi na watoto wasalimie sana. Bibi Scrimshaw naye anasalimia, ingawa hakujui, na bado anamtafuta paka.

Mdogo wako akupendaye,
Hilary