Milioni Moja na Moja

Mjomba,

Shikamoo. Arobaini yako tumeisoma Jumapili. Mvua ilikuwa imekata barabara, hata pikipiki hazikupita, lakini watu walipanda mlima hadi kijijini Kinole kwa miguu. Wengi walikuwa wanafunzi wako wa zamani, wenye mvi sasa.

Hakuna aliyejua nilichokukosea. Kule wodini Morogoro, siku tatu kabla hujaondoka, ulikuwa umeegemea mto ukiigawanya milioni moja na moja kwa namba tasa, moja baada ya nyingine, uone kama nayo ni tasa. Ulifika tisini na saba, ikabaki ishirini na nane, ukanisogezea daftari: "Haya Mwanaidi, endelea wewe."

Nami nikasema, "Mjomba, pumzika. Hesabu zitakusaidia nini sasa?"

Ulifunika kalamu. Tangu nilipofeli mwaka wa pili nikaacha chuo, nikawa nauza mbegu za mboga mjini, karatasi yenye namba ilikuwa inanitisha. Lakini hicho si kisingizio. Nisamehe.

Baada ya arobaini mkeo akanipa lile daftari. Nikakaa nalo barazani asubuhi. Ukitoka tisini na saba, tasa inayofuata ni mia moja na moja. Nikagawanya. Ikatoka elfu tisa mia tisa na moja, hakikubaki kitu. Mjomba, hatua moja tu! Nililia mpaka mkeo akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umeona nini humo?"

Nikamwonyesha. Akaiangalia ile namba, akasema, "Hii? Si ndiyo aliyokuwa akiwapa kidato cha tatu kila mwaka? Alikuwa akisema ina njia ya mkato."

Nikaanza kuitafuta hiyo njia. Milioni ni mia mara mia mara mia. Ukiongeza moja, unakuwa na jumla ya kyubu mbili, yaani vipeo vya tatu, ya mia na ya moja, na jumla hiyo lazima igawanyike kwa mia jumlisha moja. Mistari miwili, basi. Sasa wewe uliyeifundisha miaka yote ile, kwa nini ulipita njia ndefu, ukasimama hatua moja kabla ya jibu? Labda ugonjwa ulikusahaulisha. Labda ulikuwa unaniachia. Sitajua, na nimeacha kujisumbua.

Kisha nikaishika elfu tisa mia tisa na moja, nikaijaribu mwenyewe kwa kila tasa hadi tisini na saba, zile zile ulizozipitia. Siku mbili nzima. Nilikosea, nikafuta, nikarudia. Hakuna iliyoigawa. Yenyewe ni tasa, Mjomba.

Jana nilikwenda chuoni kuomba kurudi. Wamekubali, ila nianze mwaka wa pili upya, na walio wadogo kwangu. Kuna jambo sikuwahi kukwambia: nilifeli kwa sababu nilikuwa sielewi, nikaona haya kuuliza. Nakuahidi, safari hii nitanyoosha mkono, hata darasa zima ligeuke kunitazama.

Mungu akulaze pema, Mjomba wangu.

Mpwa wako,
Mwanaidi